Mamlaka Huzuia Maovu, Bali Nayo Yahitaji Mpaka

Ni desturi yetu binadamu, kila yanapotokea maovu makubwa mahali fulani, kujiambia kwamba waliotenda maovu hayo ni watu wa namna nyingine, wasiofanana nasi. Fikra hiyo hufariji moyo, lakini si ya kweli. Na kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki na sare ya taifa, ni fikra ya hatari. Uwezo wa kutenda uovu umo ndani ya kila mwanadamu. Kinachotofautisha mtaa wenye amani na mtaa wa machinjo, mara nyingi, si tabia ya wakazi wake, bali ni kuwapo au kutokuwapo kwa mtu mwenye mamlaka anayesema: hapa ndipo mwisho, usivuke.

Tungependa leo kulitazama jambo hili kwa ajili ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wao ndio wanaosimama kwenye mpaka huo usiku na mchana. Hatutatunga mifano. Tutatazama yale yaliyotokea kwa jirani zetu wa Rwanda mwaka 1994, kisha tutajitazama wenyewe hapa Uganda, maana si haki kuhesabu nyufa za ukuta wa jirani huku tukifumbia macho nyufa za ukuta wetu.

Lango lililoachwa wazi

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikitaka kutua Kigali. Mauaji yakaanza usiku uleule. Katika muda wa siku mia moja hivi watu zaidi ya laki nane, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji, walipoteza maisha yao. Idadi hiyo inajulikana duniani kote. Lakini askari anayetaka kujifunza asitosheke na idadi. Aulize mambo yalikwendaje, siku kwa siku na mahali kwa mahali.

Atazame kwanza shule ya ufundi iliyokuwa Kicukiro, mjini Kigali. Watu wapatao elfu mbili walikimbilia huko kwa sababu moja tu: palikuwa na kambi ya wanajeshi wa Ubelgiji, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Nje ya shule walizunguka wanamgambo wa Interahamwe, wenye mapanga na silaha nyingine. Waliwaona waliowataka, hawakuingia. Hapakuwa na ngome wala mahandaki ya kuwazuia. Kilichowazuia ni kuwapo kwa wanajeshi kwenye lango.

Tarehe 11 Aprili wanajeshi hao walipewa amri ya kuondoka, wakaondoka. Siku ileile wauaji wakaingia. Wakimbizi wengi waliswagwa hadi kilima cha Nyanza, na huko wakauawa. Siku kumi baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chote cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, kutoka watu wapatao 2,500 hadi 270 tu.

Hapa tunaona jambo ambalo kila koplo aliyewahi kushika zamu analijua. Mlinzi hazuii uovu kwa risasi zake peke yake. Huuzuia kwa kuwa pale. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, nasi twaongeza kwamba panya hawakuzaliwa siku ile paka alipoondoka; walikuwamo nyumbani siku zote, wakingoja.

Mkoa uliosimama karibu majuma mawili

Mfano wa pili ni mkoa wa Butare wa wakati ule, uliokuwa kusini mwa Rwanda, palipokuwa na Chuo Kikuu cha taifa. Mkuu wa mkoa huo alikuwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee miongoni mwa wakuu wa mikoa wa wakati ule. Mauaji yalipokuwa yakienea mikoa mingine, yeye aliwahimiza watu wake watulie, na kwa karibu majuma mawili sehemu kubwa ya mkoa ikakaa bila machinjo makubwa. Watu wakaikimbilia Butare kutoka pande nyingine wakidhani wamefika salama.

Tujiulize: je, watu wa Butare walikuwa wema kuliko wa Kigali au Gisenyi? Matukio yaliyofuata yanatukatalia kujibu ndiyo. Tarehe 17 Aprili serikali ya muda ilimwondoa mkuu huyo madarakani, na baadaye akauawa. Tarehe 19 Aprili mkuu mpya aliapishwa mjini Butare. Katika sherehe hiyo rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, alitoa hotuba akiwalaumu wale waliokaa kando kama watazamaji, akawataka watu waende "kazini". Kila aliyesikia neno hilo alilielewa. Kesho yake, tarehe 20 Aprili, wanajeshi walimchukua Rosalie Gicanda, mama mzee, mjane wa Mfalme Mutara Rudahigwa, wakamwua. Katika siku chache Butare, iliyokuwa kimbilio, ikawa kaburi la maelfu.

Wakazi walikuwa walewale. Mapanga yalikuwa yaleyale, na chuki kama ilikuwapo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mamlaka. Mkuu aliyekuwa akisema "msivuke" aliondolewa, akawekwa mwingine, na sauti ya juu zaidi ikasema "vukeni".

Mtu mmoja, nyuso mbili

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi, kwa sababu hauhusu mji wala mkoa, bali nafsi ya mtu mmoja. Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, na tangu Aprili 1993 alikuwa mkuu wa komini ya Taba, katika mkoa wa Gitarama. Polisi wa komini walikuwa chini yake. Mauaji yalipoanza, Akayesu aliyapinga. Wanamgambo wa Interahamwe walipojaribu kuingia Taba aliwakabili kwa nguvu, akawataka wananchi wawazuie. Mahakama iliyomhukumu baadaye ilikubali jambo hilo bila kusita: hadi tarehe 18 Aprili, mtu huyu alijaribu kulinda amani katika komini yake.

Tarehe 18 Aprili wakuu wa komini waliitwa kwenye mkutano na viongozi wa serikali ya muda, mkoani Gitarama. Akayesu alikwenda, akarudi akiwa mtu mwingine. Kesho yake, mahali paitwapo Gishyeshye, alisimama mbele ya umati akawataka watu waungane kumwangamiza aliyemwita adui wao mmoja. Toka siku hiyo, ofisi ya komini, ambayo watu waliikimbilia kwa kuwa ni ofisi ya serikali, ikawa mahali pa mateso. Wanawake waliojihifadhi humo walibakwa, na mkuu wa komini alikuwa akijua. Polisi wenye silaha walikuwapo. Watutsi wasiopungua elfu mbili waliuawa katika komini hiyo kufikia mwisho wa Juni.

Akayesu alishtakiwa mjini Arusha, nchini Tanzania, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, akawa mtu wa kwanza duniani kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo; na ilikuwa mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Waziri mkuu wa serikali ile ya muda, Jean Kambanda, alikiri makosa yake, naye akapewa kifungo cha maisha mwezi huohuo wa Septemba. Kapteni Ildéphonse Nizeyimana, aliyekuwa katika chuo cha kijeshi cha Butare, alipatikana na hatia mwaka 2012, na mojawapo ya makosa yake ni kuuawa kwa yule mjane wa mfalme.

Twamtaja Akayesu kwa kirefu kwa sababu hakuanza akiwa mwovu. Angekufa tarehe 17 Aprili akiwa kazini, huenda leo angekumbukwa miongoni mwa mashujaa. Siku moja tu ilitosha. Basi askari asiseme, "Mimi najijua, siwezi kufikia hapo." Akayesu naye, tarehe 17 Aprili, angeweza kusema hivyo, na polisi wake wangemwamini.

Mamlaka yenyewe yahitaji ua

Msomaji makini atatukatiza hapa na kuuliza: mwasema mamlaka huzuia uovu, lakini je, si mamlaka hayohayo yaliyoamuru machinjo? Swali ni la haki, na ndilo kiini cha makala haya. Mauaji ya Rwanda hayakuwa ghasia za watu wasio na serikali. Yalifanywa kwa vikao, kwa amri, kwa redio, na kwa vizuizi vya barabarani vilivyopangwa kwa utaratibu. Mnyororo uleule wa amri ambao siku za kawaida huhimiza kilimo na kukusanya kodi, ndio uliobeba maneno ya kuua kutoka juu hadi kilimani.

Kwa hiyo haitoshi kusema watu wahitaji mamlaka. Lazima tuseme pia kwamba mamlaka yahitaji mipaka, na kwamba mipaka hiyo haina budi kuwekwa mapema, siku za utulivu, ikaandikwa, ikafundishwa, na kila mtu akaijua, kuanzia jenerali hadi kuruta. Ua haujengwi chui akiwa amekwisha ingia zizini.

Sisi wa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kulithibitisha hilo. Mwaka 1971, serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilitoa amri yenye nguvu ya sheria iliyowapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia. Mwaka 1972 ikatolewa amri nyingine iliyoikinga serikali isishtakiwe kwa mambo yaliyotendwa kwa jina la usalama. Kwenye karatasi, amri hizo zaonekana kuwa mambo madogo ya taratibu. Ukweli ni kwamba ziling'oa nguzo mbili za ua: ya kwanza, nani anaruhusiwa kukamata, ya pili, nani ataulizwa baadaye.

Matokeo hayakuchelewa. Tarehe 21 Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kwa nguvu katika Mahakama Kuu, mjini Kampala, mchana kweupe. Hakurudi. Ikiwa jaji mkuu hakuwa salama ndani ya mahakama yake, mwenye duka wa Jinja au mwalimu wa Gulu angejificha wapi? Mwaka 1974 serikali ileile iliunda tume, chini ya Jaji Mohamed Saied, ichunguze watu waliopotea. Tume hiyo, pamoja na shida zote za wakati ule, iliona kuwa vyombo vya usalama vya serikali yenyewe ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya lawama. Hata hivyo vyombo hivyo viliendelea na kazi. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Oryema mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi hii. Nguzo iliyong'olewa kwa ajili ya kumpata adui haikumlinda hata aliyekuwa mwenyeji wa boma.

Tena, askari na akumbuke jinsi mambo yalivyokwisha. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa wakipigania ukombozi. Jeshi lililokuwa limezoea kuwatisha raia wasio na silaha halikuweza kusimama mbele ya jeshi la kweli. Wengi walivua sare wakakimbia. Ndivyo ilivyo: nguvu isiyo na mpaka hulioza jeshi kwanza kabla ya kuwaangamiza wengine.

Mipaka tuliyo nayo

Kutokana na machungu hayo, Katiba ya mwaka 1995 iliweka mipaka iliyo wazi. Mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa hana budi kufikishwa mahakamani kabla ya kupita saa 48. Hakuna mtu atakayeteswa wala kudhalilishwa, na katazo hilo haliondoki hata wakati wa vita au hali ya hatari. Jeshi la taifa limetakiwa kuwa na nidhamu, lisiegemee upande wowote, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Kisha Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji, ya mwaka 2012, ikaongeza jambo ambalo kila askari anapaswa kulihifadhi moyoni: aliyetesa hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa na mkubwa wake.

Hata sasa mabishano juu ya mipaka hayajakoma, wala si vibaya kwamba yapo. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kuwashtaki raia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya, inayoruhusu raia wafikishwe mbele ya mahakama hizo kwa baadhi ya makosa. Wanasheria na wananchi wamegawanyika juu ya jambo hilo. Sisi twasema hili tu: swali la nani ahukumiwe na nani si swali dogo la ofisini. Ni swali la mahali ua unapopita, na historia yetu imetufundisha kuwa ua ukisogezwa usiku, watu huuona asubuhi wakiwa wamechelewa.

Mkononi mwa koplo

Yapo wapi basi mamlaka na mipaka hii tunayoizungumza? Askari wa kawaida hudhani yamo Kampala, katika vitabu vya sheria na makao makuu. Kwa kweli, saa nane za usiku kwenye kizuizi cha barabarani, yamo mkononi mwa koplo. Hapo hayupo jaji wala waziri. Yupo msafiri aliyechoka, tochi, na bunduki. Akipigwa kofi moja na koplo akanyamaza, mpaka umesogea hatua moja. Kesho kofi litakuwa kitako cha bunduki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa sababu hiyo, mambo yanayoonekana kuwa madogo ndiyo makubwa. Jina la mahabusu liandikwe kitabuni pamoja na saa aliyoletwa; asiyeandikwa ndiye anayepotea. Doria ijulikane imetumwa na nani na kwenda wapi. Anayekamata avae sare na ajulishe yeye ni nani. Ofisa atembelee mahabusu bila kutangaza saa. Aliyekosa aadhibiwe na wakubwa wake mbele ya wenzake, kabla raia hawajalazimika kuja kulalamika. Hayo si mapambo ya amani. Ndiyo nguzo zenyewe za ua.

Na ikitoka amri mbovu? Kiapo cha askari ni cha kutii amri halali. Mahakama ya Arusha, kama ile ya Nuremberg iliyotangulia, haikukubali kwamba amri ya mkubwa humfutia mtu hatia; kwa mujibu wa sheria yake, amri hiyo yaweza tu kumpunguzia adhabu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 unasema kuwa amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu ni haramu kwa dhahiri, haihitaji mwanasheria kuieleza. Kukataa amri ya namna hiyo hakuvunji nidhamu. Mara nyingine hiyo ndiyo nidhamu ya mwisho iliyobaki.

Hatusemi kuwa ni rahisi. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali mwaka ule wa 1994, asiye na silaha. Wakati wengine wakiondoka, yeye alipita vizuizi vya wauaji mara kwa mara, akiwaficha na kuwavusha watu, wachache wachache, na mamia wakaokoka. Tarehe 31 Mei aliuawa na kombora akiwa kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliweka nishani ya ushujaa yenye jina lake. Hakuwa na amri ya kufanya aliyoyafanya, wala jeshi nyuma yake. Alikuwa na sare na mpaka ndani ya nafsi yake, akakataa kuusogeza.

Lakini taifa haliwezi kuweka tumaini lake kwa akina Diagne peke yao, maana watu wa namna hiyo ni haba. Wengi wetu, tukisema kweli, tunafanana zaidi na Akayesu wa tarehe 17 Aprili: watu wa kutosha wema, mradi aliye juu yetu ni mwema na ua umesimama. Ndiyo sababu sheria zinahitajika, na wakubwa wanaoziheshimu wanahitajika, na kitabu cha mahabusu kinahitajika. Vitu hivyo vimewekwa ili mtu wa kawaida, katika usiku wa kawaida, asilazimike kuwa shujaa ndipo aepuke kuwa muuaji.

Ndugu askari, utakapopokea zamu leo jioni, hutapewa bunduki na risasi tu. Utapewa mpaka, uulinde. Upokee ukiwa mzima, na asubuhi umkabidhi mwenzako ukiwa mzima vilevile.